Nilifika Mlangoni pa Kliniki, Nikauliza Chumba cha Meno

Ndugu Mshauri,

Ninakusalimu kutoka Uyole, Mbeya. Mimi ni mwanamume wa miaka 46, nina mke na watoto wanne, na shughuli yangu ni kununua viazi mviringo kwa wakulima wa huku kwetu na wa upande wa Isongole, kisha kuvisafirisha kwenda Dar es Salaam. Kanisani mimi ni mzee wa kanisa, na kwa nafasi hiyo nimekuwa nikisuluhisha ndoa za watu, nikiwafariji wafiwa na kuwashauri vijana waliokwama. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo linalonifunga mdomo.

Mwaka juzi mdogo wangu, ambaye biashara hii tulikuwa tukiifanya pamoja, alifariki katika ajali ya lori njia ya Makambako. Tulizika, tukamaliza matanga, mimi nikasimamia kila kitu pamoja na deni la mbolea aliloliacha, na watu wakanisifu kwamba nimekuwa imara. Miezi ilipopita ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Ninaamka saa tisa usiku na sipati tena usingizi hadi kunapambazuka. Chakula ninakula kwa sababu tu mke wangu ameketi mbele yangu ananitazama. Msimu uliopita nilikuwa na magunia stoo, mnunuzi yupo, fuso imepatikana, na kilichobaki kilikuwa ni mimi kumpigia dereva simu. Nilikaa na simu mkononi, kila siku nikisema nitapiga kesho, mpaka viazi vikageuka kijani na kuanza kuchipua humo humo kwenye magunia. Mke wangu alidhani nimegombana na dereva. Sikuwa nimegombana na mtu yeyote.

Hospitali nimekwenda, tena si mara moja, kwa kuwa kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio na tumbo linawaka moto. Nimepimwa malaria, nimetibiwa taifodi zaidi ya mara moja, nimepewa dawa za vidonda vya tumbo, na kila nikimaliza dozi hali ni ile ile. Vidonge vya usingizi ninanunua duka la dawa, na siku hizi navyo havinilazi kama mwanzo. Hatimaye daktari mmoja kijana aliniuliza kama nina mawazo yanayonisumbua. Nikakana, naye akasema kwamba hata hivyo angependa nionane na wenzake wa kliniki ya afya ya akili. Siku niliyopangiwa nilikwenda. Nilifika hadi kwenye korido yenye benchi, nikaona watu wamekaa wakisubiri, akiwamo mama mmoja ambaye sura yake si ngeni kwangu, na muuguzi aliponiuliza anisaidie nini, nikamwuliza chumba cha meno kiko wapi. Akanielekeza kwa upole. Nikaenda hadi huko, nikapitiliza, nikatoka nje na kupanda daladala kurudi nyumbani.

Baba yangu mdogo alikuwa mgonjwa wa akili. Nilipokuwa mtoto nilimwona akifungwa kamba na kupakiwa kwenye lori kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, na hadi leo ukoo wetu ukitajwa, hakosekani anayelikumbuka lori lile. Binti yangu mkubwa ameshachumbiwa. Ikijulikana kwamba na mimi nimeanza, sijui upande wa pili watasema nini.

Nimefunga na kuomba. Kuna asubuhi ninatamani nisingeamka, kisha ninajilaumu, kwa sababu ninajua jinsi ninavyowaambia wengine wakiwa katika hali hiyo. Ninaomba uniambie kama huu ni ugonjwa au ni imani yangu iliyopungua. Je, nikienda watanipeleka Mirembe? Nitakunywa dawa maisha yangu yote? Na mchungaji wangu nimwambie?

Mzee wa Kanisa, Uyole

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu, nitaanza na sentensi uliyoiweka karibu na mwisho, kama watu wengi wanavyofanya, kwamba kuna asubuhi unatamani usingeamka. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sentensi ya namna hiyo sijawahi kuiacha ipite. Kutamani kutoamka na kupanga kujidhuru ni mambo mawili, lakini mtu anaweza kutoka kwenye la kwanza akaingia kwenye la pili bila jirani wala mke kutambua. Kwa hiyo ninakuuliza waziwazi, kama daktari naye atakavyokuuliza: umewahi kufikiria kujiua? Ikiwa jibu ni ndiyo, usisubiri siku ya kliniki wala usimalize kusoma majibu haya. Mwambie mkeo sasa hivi, nendeni pamoja leo hii kwenye hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura, ambacho hupokea wagonjwa mchana na usiku, na usikubali kubaki peke yako hata kwa muda mfupi.

Ikiwa jibu ni hapana, bado ninakuomba ufanye jambo moja kabla jua halijazama. Mtu wa viazi hakosi dawa za ukungu na za wadudu stoo. Ufunguo wa stoo hiyo mkabidhi mkeo, pamoja na vidonge vya usingizi vilivyobaki, akae navyo yeye. Shirika la Afya Duniani linaonyesha kwamba duniani kote wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, na wengi huonekana imara mpaka siku ile. Usiogope pia kwamba ukimweleza daktari mawazo haya utakuwa umejishitaki. Kuwaza si kosa, na swali hilo huulizwa karibu kila mgonjwa anayeingia chumba kile, kwa sauti ile ile wanayoulizia kama unakohoa.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Watu watakuambia kwamba unaogopa hospitali, lakini mimi katika barua yako sikuona hivyo. Umepanga foleni, umetoa damu, umelipia dawa na umemaliza dozi. Mlango wa hospitali unaujua vizuri kuliko wanaume wengi wa rika lako. Ambacho hujakifanya hata mara moja ni kuyatamka ndani ya chumba cha daktari maneno uliyoniandikia mimi. Daktari aliyeambiwa kichwa, moyo na tumbo alitibu kichwa, moyo na tumbo. Nisiwatetee sana wenzangu, maana taifodi kwetu hutajwa haraka mno, na mgonjwa anayetibiwa taifodi tena na tena bila nafuu anastahili kuulizwa swali jingine mapema. Lakini yule kijana alikuuliza, nawe ukakana. Safari iliyobaki kwako ni fupi kuliko unavyodhani, kwa sababu inaanzia pale pale ulipozoea kwenda, na tofauti yake ni sentensi chache tu.

Unayoyaeleza yanafanana sana na sonona. Siwezi kukuthibitishia kwa barua, na anayefanya hivyo usimwamini, ila alama zake zinajulikana: huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, pamoja na usingizi na hamu ya chakula kuvurugika, kuchoka, kushindwa kukaza fikra, kujilaumu na kuwaza kifo. Wewe wiki mbili umezipita zamani. Na kwangu mimi, habari ya viazi inaeleza zaidi kuliko hata habari ya usingizi. Mfanyabiashara mwenye mnunuzi mkononi haachi mali ioze kwa uvivu. Kushindwa kubonyeza namba ya simu unayoijua, huku ukiona hasara inakuja, ni namna ugonjwa huu unavyokamata uwezo wa mtu wa kuanza jambo, na ndiyo sababu maneno kama "jikaze" hayasaidii; kujikaza kwenyewe ndiko kulikougua. Maumivu ya kichwa, moyo kwenda mbio na tumbo kuwaka ni ya kweli pia, hukuyabuni. Mara nyingi huku kwetu sonona hubisha hodi kwa njia ya mwili, kwa kuwa mwili ndio tuliozoea kuulalamikia mbele ya watu bila aibu.

Kuna jambo jingine nililoliona katika barua yako, nawe hukulisema. Wewe ndiye uliyesimamia msiba wa mdogo wako: jeneza, chakula cha waombolezaji, taratibu za kanisa, na baadaye deni la mbolea. Mtu anayesimamia msiba mara nyingi hapati nafasi ya kuwa mfiwa. Ukifika kwa mtaalamu, usianze na kichwa kinachouma. Anza na mdogo wako.

Unauliza kama imani yako imepungua. Swali hili ninalichukua kwa uzito, kwa sababu najua katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini watu wengi hupita kwanza kwa mchungaji au kwa mganga kabla ya kufika hospitali, na wengine hawafiki kabisa. Unamfahamu Eliya kuliko mimi. Alikuwa nabii, ametoka kwenye ushindi mkubwa, akaenda akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Hakukemewa kwamba hana imani. Alilala, akaamshwa ale mkate na anywe maji, akalala tena, akaamshwa tena ale, na mazungumzo yalikuja baadaye sana. Endelea kuomba, lakini kufunga kwa sasa nakushauri usitishe: mtu asiyelala wala kula vizuri hana akiba ya mwili ya kufunga nayo, na daktari atakuambia hivyo hivyo.

Kuhusu lile benchi, ninalifahamu vizuri. Ungekaa pale kwa nusu saa ungeshangaa ni nani hukaa hapo. Katika hospitali zetu kliniki ya afya ya akili ndiyo mara nyingi inayohudumia kifafa, kwa hiyo wapo akina mama waliobeba watoto wao wenye degedege, wakifuata dawa za mwezi. Yupo kijana anayepambana na pombe au bangi na amesindikizwa na dada yake. Wapo waliojifungua karibuni na hawalali, na wapo watu kama wewe, wamevaa vizuri, wameshika simu, wanajifanya wanasoma ujumbe. Yule mama uliyemfahamu sura naye ana siri yake pale, na hana faida yoyote ya kwenda kutangaza kwamba alikuona, maana ataulizwa yeye alikuwa akifanya nini. Watumishi nao wanabanwa na maadili ya kazi yao. Faili lako si habari ya kusimuliwa sokoni.

Najua wapo wa Mbeya wanaokimbilia Iringa au Njombe ili wasionekane. Sikukatazi, lakini siungi mkono sana. Kinachomponya mgonjwa wa sonona ni kurudi: kurudi baada ya wiki mbili, kurudi baada ya mwezi. Nauli ya mbali huua marudio, na mtu ambaye hawezi kumpigia dereva simu hataweza kudamkia basi la Iringa kila mwezi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo hapo mjini na huduma hiyo inatolewa. Kama korido ile imekushinda, rudi kwa daktari kijana aliyekuona, kwenye wagonjwa wa nje wa kawaida, mwambie kwamba ulifika ukageuza. Anaweza kuanza matibabu yeye mwenyewe au kumpigia simu mwenzake akupokee moja kwa moja.

Na kwa kuwa ulimi wako ulikana mara ya kwanza, usiutegemee mara ya pili. Chukua karatasi, andika: "Mdogo wangu alifariki mwaka juzi. Ninaamka saa tisa usiku. Nilishindwa kupiga simu mpaka viazi vikaharibika. Kuna asubuhi natamani nisingeamka. Ninakunywa vidonge vya usingizi nilivyonunua mwenyewe." Ukiingia, mpe daktari karatasi hiyo asome, nawe ukae kimya. Nimeona wagonjwa wakifanya hivyo, na mazungumzo huanza vizuri zaidi kuliko kwa swali la "unasumbuliwa na nini?" Nenda na mkeo, aketi hapo kwenye benchi pamoja nawe, kwanza ndiye shahidi wa usiku wako, na pili ni vigumu kuuliza chumba cha meno mke akiwa pembeni.

Ndani ya chumba hakuna maajabu. Utaulizwa habari za maisha yako, pengine utajaza dodoso la maswali tisa linalotumika sehemu nyingi duniani, ambalo huuliza umekuwaje katika wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, ili safari ijayo waweze kulinganisha kama unapanda au unashuka. Huenda wakakupima damu, kisukari na homoni za tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi hiyo huweza kumchosha mtu kwa namna inayofanana na sonona. Kisha mtazungumza juu ya tiba.

Tiba moja ni mazungumzo, na hapa ninakisia utakunja uso, kwa kuwa wewe mwenyewe kazi yako ni kuwasemesha watu. Ila nasaha unazotoa ukiwa mzee wa kanisa na mazungumzo ya tiba ni vitu tofauti. Mtaalamu hakuhubirii wala hakuambii usamehe. Anakusaidia kuchagua tatizo moja, kulivunja vipande vidogo, kwenda kujaribu kipande kimoja na kurudi kueleza kilichotokea. Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha wanawake wazee wa Harare kufanya kazi hiyo wakiwa wameketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14 kwa waliokaa na bibi hao, na kama asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao si madaktari. Wamefunzwa mbinu na wanaifuata.

Tiba nyingine ni dawa, endapo daktari ataona inafaa. Katika hospitali zetu zinazotumika sana ni amitriptilini na fluoksetini. Hazifanyi kazi usiku wa kwanza kama vile vidonge vyako. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na katika siku za mwanzo unaweza kupata kinywa kikavu, usingizi mzito au kichefuchefu kabla hujapata faida yoyote. Wengi huacha hapo hapo, wakasema dawa imewakataa. Ukihisi hivyo rudi kwa daktari abadilishe, usiache kimya kimya. Ukishapona utaendelea nazo kwa miezi kadhaa, mara nyingi kati ya sita na kumi na mbili, halafu zitapunguzwa taratibu chini ya usimamizi. Wako watu wachache wanaozihitaji kwa muda mrefu zaidi kwa sababu ugonjwa huwarudia, lakini hilo huamuliwa baadaye na haliamuliwi siku ya kwanza. Vinavyojenga utegemezi ni vile vidonge vya dukani ambavyo siku hizi havikulazi. Usivikate ghafla, bali mwonyeshe daktari pakiti yake akupangie namna ya kuvipunguza.

Lori la baba yako mdogo ninalielewa. Mirembe ilianza mwaka 1927, enzi za Waingereza, na kwa miongo mingi familia iliyoshindwa na mgonjwa haikuwa na pengine pa kumpeleka zaidi ya Dodoma. Alichokiona mtoto wa miaka ile kilikuwa ni ndugu zake wakimfunga mtu kwa sababu walichelewa na walikosa msaada wa karibu. Wewe unakwenda kwa miguu yako, utahudumiwa kama mgonjwa wa nje na jioni utakuwa nyumbani kwako, kama ilivyo kwa wengi wenye sonona. Kulazwa kupo, kwa anayekaribia kujidhuru au aliyezidiwa, na mara nyingi hufanyika katika hospitali za huku huku. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imetenganisha anayelazwa kwa hiari yake na anayelazwa bila hiari, na kila mmoja ana utaratibu wake. Kwamba damu ya ukoo huongeza uwezekano kidogo ni kweli, lakini haina maana kwamba ugonjwa wake ndio wako. Na kuhusu binti yako, wakwe watarajiwa wataona baba aliyekonda, aliyeacha biashara ife na asiyeongea na wageni kabla hawajaona cheti chochote cha kliniki. Kinachoweza kuiharibu harusi ile ni hali uliyonayo sasa.

Limebaki la mchungaji. Mwambie, ila baada ya kumwona daktari, ili usiingie katika mkesha mwingine wa maombi kabla hujatibiwa. Muombe akupumzishe kwa muda kwenye kusuluhisha ndoa na kukesha na wafiwa, kwa sababu hiyo ni mizigo ya watu wengine juu ya mgongo ulioelemewa. Sema kwamba unatibiwa na daktari amekushauri upumzike. Akiuliza ni ugonjwa gani, una hiari ya kumjibu au kutomjibu, na akisema uache dawa ili uonyeshe imani, mwambie kwa heshima kwamba dawa zako zimepangwa na daktari na utaendelea nazo, kisha muulize kama anaweza kuja kukutembelea Jumapili jioni.